Kutosheka na kuzoea si kitu kimoja



Katika vijitabu vyetu tumekwisha kuandika mengi juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina ya watoto na heshima kwa wazee. Leo ninaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo dogo lisilo na sherehe: furaha ya mtu aliyekaa kwake, anasoma kitabu ao anaangalia televizio, na moyo wake umetulia. Je, furaha hiyo ni ya haki? Katika mji kama Kisangani, uliopita katika mambo tunayoyajua wote, mtu ana haki ya kutosheka?

1. Swali la kijana

Swali hili sikulitafuta mimi. Lililetwa nyumbani na mtoto wa leki yangu, kijana wa chuo kikuu. Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe katika lopango, chai iko pembeni, lituma ya jana imepashwa moto, na kitabu juu ya magoti. Nilifika pahali pa kuchekesha, nikacheka peke yangu. Kijana aliegemeza baisikeli yake ukutani, akasimama ananitazama.

— Jambo, baba mukubwa. Uko unacheka nini?

— Jambo, mutoto yangu. Niko nacheka na hiki kitabu.

— Baba mukubwa, unisamehe. Mshahara haifike, barabara imekufa, batu bako na njala, na we uko unacheka na kitabu. Batu kama nyinyi ndio munafanya huu mji ukae vile uko.

Hakunitukana. Aliomba msamaha kabla ya kusema, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nikamwambia akae, nikampa lituma, tukazungumza mambo mengine. Lakini alipoondoka sikuweza kuendelea kusoma. Nilifundisha miaka mingi, na wanafunzi wameniuliza maswali magumu, lakini lile lilinikuta mikono mitupu. Kurasa hizi ni jibu nililokosa asubuhi ile.

2. Siku yangu ilivyo

Kwanza niseme kweli namna ninavyoishi, ili msomaji apime mwenyewe.

Vitabu vyangu si vingi. Vingine nilivinunua sokoni, vimetandikwa chini pamoja na misumari na viatu vya mitumba. Vingine niliachiwa na marafiki waliohama. Viwili havina jalada, na kimoja kimepoteza kurasa za mwisho, hata leo sijui yule kijana wa hadithi alifika kwao ao hapana. Ninasoma asubuhi juu ya macho yangu, tena juu ya moto wa umeme, ambao usiku unaweza kukatika saa yoyote.

Magaribi ninakwenda kwa jirani, mama mmoja anayeuza mikate na makala. Yeye ana televizio, anaitoa nje na kuiweka juu ya meza. Watoto wanakaa chini, wazee tunapewa viti. Tunaangalia teatre za Kinshasa, filamu za Nigeria, novela za nchi za mbali, na mpira. Sitasahau mwezi wa Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Fainali tulipoteza mbele ya Inter ya Milano, lakini siku ile ya ushindi watu walikumbatiana katika barabara, hata wale waliokuwa na kesi ya mpaka wa lopango.

Na kukiwa na samaki na sombe kidogo, mimi siku hiyo sina la kuongeza. Ninalala vizuri. Ndiyo furaha yangu yote, na ndiyo iliyoshtakiwa na kijana.

3. Wazee walisema nini juu ya kutulia

Kwa kuwa kijitabu hiki ni cha desturi, nilianza kwa kuangalia kwa wazee. Nilitaka kujua kama wao walisifu kutosheka.

Tuwaangalie Wagenia kwenye maporomoko yao. Mgeni anapofika pale, anaona vikapu vikubwa vimefungwa kwenye miti, vimeelekezwa ndani ya maji makali, na wanaume wamekaa juu ya mawe wanazungumza. Anaweza kufikiri: watu hawa wanangoja tu mto uwalishe. Lakini atazame ile miti. Nani aliisimamisha katikati ya mto unaoweza kumbeba mtu na mtumbwi wake? Ni watu wa ukoo, kwa mikono na kwa kamba za msituni, na maji yakiibomoa wanairudilia. Kisha wanakwenda kuangalia vikapu, vikiwa na kitu ao vikiwa vitupu, na kesho wanarudi. Yule aliyekaa juu ya jiwe ametulia kwa sababu amefanya kazi yake, na saa ya kushuka majini ikifika atashuka.

Tuwaangalie tena Walokele na ngoma yao ya mti, ile tunayoita lokole. Mmisioni Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka hapa, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo, kikatoka mwaka 1949. Alieleza jambo ambalo wapigaji walilijua tangu zamani. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi ya lugha yanafanana kwa sauti hizo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kusema “mwezi” na kunyamaza. Anasema maneno marefu, kwamba ni mwezi unaotazama dunia kutoka juu, ndipo msikilizaji wa mbali aelewe. Habari inachukua wakati, na anayesikiliza lazima atulie mpaka mwisho.

Tena habari ya ngoma haikuwa ya mtu mmoja. Aliyeisikia katika kijiji hiki aliweza kuipiga tena kwa ajili ya kijiji cha mbele. Mtu aliyesikia habari ya kilio na kubaki nayo ndani ya nyumba yake, huyo tungesema hakusikia kitu.

Basi wazee hawakusifu kukaa tu. Walisifu kutulia kwa mtu aliyefanya kazi yake, anayesikiliza mpaka mwisho, na anayepitisha alichosikia. Nilipofika hapo nilifurahi, nikafikiri jibu nimelipata. Lakini nilikumbuka jambo moja ambalo sikupenda kulikumbuka.

4. Kosa langu

Siku moja, miaka mingi imepita, nilikuwa mbele ya televizio kwa jirani. Ilikuwa novela, na ilikuwa sehemu ya mwisho, ile tuliyoingoja miezi. Mama mmoja wa avenyu yetu akaja mbio. Mtoto wake alikuwa na homa kali, anatetemeka, macho yamegeuka. Alitafuta mwanaume wa kumsaidia kumbeba mpaka kwenye barabara kubwa, ambapo angepata toleka. Akaniita mimi, juu ya jina la mwalimu. Na mimi nilimjibu: “Mama, ngoja dakika tano, inakaribia kuisha.”

Hakungoja. Vijana wawili waliokuwa wamesimama nyuma walimchukua mtoto na kukimbia naye. Mtoto alipona, leo ni mtu mzima na ananisalimia kwa heshima. Yeye hajui. Mama yake anajua, lakini hakunisemea hata siku moja, na ukimya wake ndio unaonielemea.

Ninaandika hili ili msomaji asifikiri nimekaa hapa kuisifu televizio. Usiku ule nililia kwa ajili ya msichana wa Brazil ambaye hayupo duniani, na mtoto wa avenyu yangu nilimwambia angoje. Na vitabu si malaika. Kama ningekuwa na kitabu mkononi usiku ule, ningeweza kusema neno lilelile: ngoja nimalize ukurasa. Kosa halikuwa katika chombo. Nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba hapendi kusimama.

Kijana wa leki yangu alikuwa na haki nusu, basi. Iko furaha inayotufunga kwenye kiti.

5. Siku sita

Lakini nusu ya pili ninamkatalia, na sababu yangu inatoka katika siku ambazo yeye alikuwa bado mdogo sana.

Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, wageni wawili katika nyumba isiyo yao. Mabomu yalianguka kwa maelfu juu ya nyumba, juu ya makanisa, juu ya shule. Watu mamia walikufa, na waliojeruhiwa walipita elfu moja. Kila jamaa la Kisangani lina habari yake ya siku zile.

Yangu ni hii. Tulikuwa watu tisa katika chumba kimoja, tumelala chini, godoro limesimamishwa kwenye dirisha. Maji yalikuwa yanaisha. Watoto walikuwa wanalia kila bomu likianguka, kisha wakaacha kulia, na hilo lilinitisha zaidi. Sikuwa na la kuwapa. Ndipo nikaanza kuwasimulia kitabu, kile kisicho na kurasa za mwisho. Sikukishika mkononi, kulikuwa giza, nilikisema kutoka kichwani, polepole. Bomu likianguka nilinyamaza, kisha mmoja wao ananiuliza: “Halafu?” Nami ninaendelea. Nilipofika pahali kurasa zinapokatika, bibi yangu akaendelea yeye, akatunga njia ya kumrudisha yule kijana kwao. Mtoto mdogo akacheka. Ndani ya usiku ule, mtoto alicheka.

Je, furaha ile ilikuwa usaliti? Kama mtu angetuambia, “Mji unaungua na ninyi mnacheka na hadithi,” ningemjibu nini? Sisi hatukusahau vita, vita vilikuwa juu ya paa. Wala hatukuvikubali. Hadithi ilitushika tusianguke, na asubuhi tulipotoka tulikuwa na nguvu ya kuwatafuta majirani.

6. Wale waliopanda mashua

Zamani filamu juu ya mto wetu zilitengenezwa na wageni. Mwaka 1951 John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kupiga sehemu ya filamu The African Queen. Dunia yote iliona maji yetu, lakini katika hadithi mto ulipewa jina lingine na nchi nyingine. Wazee wetu walitazamwa, hawakuulizwa neno.

Leo iko tofauti. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, mwaka 2014 alitoa filamu Examen d'État, juu ya vijana wa mji huu wanaojipanga kwa mtihani wa serikali: namna wanavyokosa franga za shule, wanavyokusanyika katika nyumba moja kusoma usiku. Na mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard. Hiyo ndiyo iliyonifundisha.

Ni filamu juu ya watu waliokatika miguu na mikono katika zile siku sita. Miaka mingi walidai malipo, hawakuyaona. Walisikia kila namna ya ushauri: vumilieni, mshukuru Mungu mko wazima, mambo yamepita. Kwa maneno mengine waliambiwa: mtosheke. Wakakataa. Wakapanda mashua na magongo yao, safari ya kilometa zaidi ya 1,700 kwenye mto mpaka Kinshasa, kwenda kuuliza haki yao mbele ya Bunge.

Nilipoiangalia, nilitegemea kuona huzuni tu. Huzuni ipo. Lakini juu ya ile mashua, mvua ikiwapiga, wamebanana, watu wale wanapika, wanaimba, wanachekeshana. Kati ya sehemu za safari tunawaona kwenye jukwaa, wanacheza teatre juu ya maisha yao wenyewe. Watu waliokataa kukubali walikuwa na furaha kuliko mimi niliyekubali mambo mengi. Wanacheka, na wanadai. Kucheka hakukuwazuia kudai, na kudai hakukuwanyima kucheka.

Msomaji anajua yaliyofuata katika sheria. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye ilikuwa imekwisha kusema mwaka 2005 kwamba Uganda ina deni kwa Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja kiasi: dola milioni 325 kwa mambo ya vita vile vyote, na milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya watu walioumizwa. Franga haimrudishii mtu mguu. Lakini watu waliozoea tu hawapandi mashua.

7. Jibu langu

Sasa ninaweza kumjibu mtoto wetu. Lugha yetu ina maneno matatu ambayo sisi tunayachanganya.

Kushiba ni kujaa. Aliyeshiba hataki kusimama, na usiku wa yule mtoto mwenye homa mimi nilikuwa nimeshiba.

Kuzoea ni kuacha kuona. Shimo la barabara tunalizunguka kila siku mpaka linakuwa sehemu ya barabara. Mwalimu bila mshahara, mgonjwa bila dawa, tunasema “Kongo iko vile,” na tunapita. Wengi wanaita hali hiyo amani ya moyo. Mimi ninaiita kulala macho wazi.

Kutosheka kunatoka katika neno kutosha. Ni kusema: hiki kilicho mbele yangu leo, chai, kurasa kumi za kitabu, jirani anayecheka, kinatosha kunipa furaha, sihitaji nyumba ya kwenye novela ili nishukuru. Watu wa pwani wanatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na wana haki. Lakini kusema chai yangu inanitosha si kusema mshahara usipolipwa ni sawa. La kwanza ni juu ya moyo wangu, la pili ni juu ya haki, tena mara nyingi ni haki ya mwingine. Mimi ninaweza kutosheka na kidogo changu. Sina ruhusa ya kutosheka na kidogo cha jirani.

Tutajuaje tuko upande gani? Mimi nimejipa maswali matatu, ninajiuliza kila ninapofunga kitabu ao televizio inapozimwa. La kwanza: mtu akiniita sasa hivi, ninaweza kusimama? La pili: nilichosoma ao kuona, nitampelekea nani, kama mpigaji wa lokole, ao kitafia ndani yangu? La tatu: bado naona ubaya kuwa ni ubaya? Siku nyingine ninashindwa lote matatu, hasa la kwanza, maana mazoea ya kiti ni makubwa.

Jambo moja bado linanisumbua, na sitalificha. Ni rahisi kwangu kuandika haya, mimi niliyepata chai asubuhi. Yule ambaye watoto wake wamelala bila kula, siwezi kumfundisha kutosheka, na ninamwomba mtu yeyote asitumie kurasa hizi kumnyamazisha. Mbele yake neno langu ni moja tu: karibu, ukae, tugawane kilichopo. Mafundisho yatafuata ao hayatafuata.

Kijana alirudi juma lililopita. Nilimweleza haya yote, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimeshinda. Aliniambia:

— Sawa, baba mukubwa. Lakini siku tutakwenda kudai bourse yetu, utakuya na sisi?

Nilimwambia nitakwenda, kama magoti yatakubali. Kisha akaniuliza kile kitabu kilikuwa kinachekesha namna gani, nikamsomea ule ukurasa kwa sauti. Akacheka. Nimempa akichukue, nimemwomba tu akirudishe, na asikipoteze kurasa.

Ni hayo niliyokuwa nayo, wapenzi wasomaji. Anayeona namna nyingine aandike katika kijitabu kitakachofuata, tusome pamoja.